Mashine Ililia Bila Mpunga

Lameck alikutwa amelala kifudifudi juu ya lundo la pumba, nyuma ya mashine yake ya kukoboa mpunga huko Bondeni. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Spana kubwa ilikuwa imefukiwa kwenye pumba hizohizo, imefutwa alama zote za vidole.

Jioni hiyohiyo polisi wa zamu walimtia ndani Mzee Reubeni, mwalimu mstaafu aliyeishi ukuta kwa ukuta na mashine. Tangu serikali iruhusu biashara za watu binafsi na Lameck alete mashine ile, kelele zake zilimkosesha mzee raha nyumbani kwake. Wiki hiyo alikuwa amemfokea Lameck mbele za watu: "Utakufa wewe, ndipo sisi tupumzike!"

Kauli kama hiyo humfikisha mtu kwenye kitanzi. Inspekta Hebroni alilijua hilo na moyo wake haukutulia, maana mzee mwenyewe hata ndoo ya maji ilimshinda.

"Mchana ule ulikuwa wapi, mwalimu?"

"Nyumbani."

"Nani alikuona?"

"Nilikuwa peke yangu, baba. Nikuambie uongo?"

Inspekta akamgeukia Ipyana, mwendesha mashine.

"Mimi nilikuwa nakoboa mpunga wa bosi, ule wa kutoka Ngonga. Sikutoka mashineni hata kidogo, afande. Waulize majirani."

Majirani waliulizwa. Wote walisema mashine ililia mchana kutwa bila kukatika.

Ndipo Beatrice, ofisa afya wa wilaya, alipofika kituoni. Kutokana na malalamiko ya Mzee Reubeni, alikuwa amefunga kipima kelele kwenye dirisha la mzee. Kilikuwa chombo kidogo kama tochi, kilichopima sauti na kuhifadhi vipimo vyake chenyewe.

Hebroni aliinuka kitini. "Basi tutausikia ugomvi wao!"

"Hapana, afande. Hakitunzi maneno. Kinatunza ukubwa wa sauti tu."

Inspekta akanywea. Beatrice alitandaza mezani karatasi ya vipimo vya mchana ule, aliyokwenda kuichapisha Mbeya. Mstari ulipanda na kushuka kama meno ya msumeno. Mahali pamoja ulishuka kidogo, ukanyooka kwa kitambo, kisha ukarudia meno yake.

"Hapa mashine ilizimwa?"

"Ingezimwa, mstari ungeanguka hadi chini. Ilikuwa inalia. Ila sijui ilikuwa inafanya nini."

Kesho yake asubuhi Hebroni alimwamuru Ipyana awashe mashine na kumimina mpunga, huku Beatrice akisimama dirishani na kipima chake. Kisha inspekta akamvuta Ipyana mlangoni, akamuuliza habari za mavuno ya kwao. Nyuma yao, konstebo akaziba tundu la kuingizia mpunga.

Mngurumo ukabadilika papo hapo, ukawa mwepesi, wa namna moja. Wanawake waliokuwa wakipepeta mchele pale nje waligeuka kutazama. Ipyana aliendelea kusimulia habari za mavuno, macho yake kwenye midomo ya inspekta.

Beatrice aliitikia kwa kichwa. Vipimo vilikuwa vilevile vya kwenye mstari ulionyooka.

Hebroni alitamani awe amekosea. Alifunika mdomo wake kwa kiganja, akauliza kwa sauti kubwa, "Ipyana, mashine inakoboa?"

Ipyana hakujibu.

Inspekta akaondoa kiganja. "Tangu lini husikii?"

Ipyana alijiachia juu ya magunia. "Sikio la kushoto lilitangulia. Nilidhani ni nta."

"Ulitoka, mpunga ukaisha, mashine ikalia tupu. Hukujua kwamba sauti yake hubadilika?"

"Nimesahau inavyolia, afande."

Kisha akasema yote, bila kulazimishwa. "Dada huyu wa afya alitupima masikio. Akamwambia bosi nisikae tena karibu na mashine. Bosi akaniita kule kwenye pumba, akasema kuanzia kesho nisiiguse. Masikio yangu yameishia humu! Leo nirudi Ngonga niwe kiziwi wa kuchekwa na watoto? Akageuka, sikuiona tena midomo yake. Spana ilikuwa mkononi mwangu."

Beatrice, ambaye alitaka tu kumwokoa, aliondoka dirishani akilia.

Mzee Reubeni alifunguliwa mchana. "Ndaga," alishukuru, akaenda zake bila kudai hata kuombwa radhi.

Hebroni alikwenda msibani kumpa taarifa Hosiana, mjane wa marehemu. Mjane alijifuta uso kwa khanga.

"Mume wangu alitaka kumhamishia kijana wake kwenye mizani," alisema. "Aliniambia, Ipyana ameumia kwa ajili yetu, apime magunia tu, mshahara uleule. Mchana ule alitoka hapa kwenda kumwambia."

Inspekta alirudi kituoni. Angeweza kunyamaza, lakini aliona mtu huyo ana haki ya kujua. Aliketi mbele ya Ipyana mahabusu, mahali penye mwanga, akayasema maneno ya mjane moja baada ya jingine, polepole.

Ipyana alitazama midomo yake hadi mwisho.

"Rudia, afande."

Hebroni akarudia. Safari hii Ipyana alifumba macho.