Chupa ya Saba Kutoka Dutwa

Chupa ilikuwa nzima na lebo iko mahali pake, namba saba inasomeka vizuri. Ila asali iliyokuwa ndani haikuwa ile iliyochukuliwa Dutwa.

"Umejuaje?" aliuliza Inspekta Nyanjige, akiinua chupa kwenye mwanga wa dirisha la ofisi yake mjini Bariadi.

Felisita, afisa nyuki, alimsogezea ripoti ya maabara.

"Tulipeleka chupa tisa, kila moja ya kijiji chake, kupimwa mabaki ya viuatilifu. Hii haina hata chembe ya sumu. Lakini walipima na chavua pia. Ya pamba hakuna kabisa. Yote ni ya migunga."

"Na mizinga ya Dutwa iko wapi?"

"Katikati ya pamba, Afande. Pande zote."

Nyanjige alikulia kwenye pamba, lakini hakujua kwamba asali hutunza ndani yake vumbi la maua ilikotoka. Aliomba aelezwe tena, polepole. Kisha akachukua kalamu.

"Nani aliijaza chupa?"

"Mimi. Nilibandika lebo nikiwa na glavu. Nikaiweka kwenye katoni nyumbani kwa Apolonia, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama. Tukala chakula cha mchana, nikaondoka nayo."

"Mlipokuwa mnakula, katoni ilikuwa wapi?"

Felisita aliikunja ripoti. "Chumba cha ndani."

Mtaalamu wa alama za vidole aliibandua lebo kwa mvuke, akaipaka rangi upande wa gundi. Ikajitokeza alama ya dole gumba, mistari yake wazi.

"Huyu aliibandua akaibandika upya," alisema. "Na hakuvaa glavu."

Kesho yake asubuhi Nyanjige alikuwa Dutwa.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia mama mwenye nyumba kwa Kisukuma.

"Mwangaluka," Apolonia aliitikia, akifuta kiti kwa khanga.

"Siku ya sampuli, nani aliingia chumba cha ndani?"

"Mimi tu. Nilifuata chumvi."

"Asali ya migunga huwa unaipata wapi?"

Apolonia alirudia kufuta kiti.

"Mayu?"

"Kaka yangu ana mizinga huko Lamadi, upande wa porini. Huniletea."

"Naomba alama ya dole gumba lako."

Apolonia hakutoa mkono. Aliketi kwenye kile kiti alichomfutia mgeni.

"Usijisumbue. Ni mimi."

Nyanjige hakutoa pingu. Alivuta kigoda. "Mwaka huu nyuki wenu wamekufa kwa maelfu. Kipimo kilikuwa cha kuwasaidia. Kwa nini ulikiharibu?"

"Kwa sababu kingesema kweli. Tuko wanawake ishirini na wawili wenye mizinga pale. Wangejua ni sumu, wangeuliza ni ya nani. Shamba linalopakana na mizinga ni la Yakobo, mume wangu."

"Alipulizia pamba ikiwa na maua?"

"Asubuhi, nyuki wakiwa juu ya maua. Tulikubaliana jioni tu, wakisharudi. Lakini macho yake yameisha, Afande. Jioni haoni mstari." Aligeuza uso upande wa shamba. "Hajui alichofanya. Akijua, hatainua uso kanisani tena."

"Asali ya mavuno yale mmekula?"

"Hapana! Ipo yote kwenye ndoo, nimezifunga. Niliwaambia wenzangu tunasubiri cheti."

Aliingia ndani, akarudi na chupa ndogo isiyo na lebo, ile aliyoijaza Felisita. Asali yake ilikuwa nyeupe, kama ya pamba iwavyo, imeganda kama mafuta ya ng'ombe. Nyanjige aliipokea kwa glavu, akaitia kwenye mfuko wa vielelezo.

Mlangoni kulikuwa na mzee mrefu, mkono mmoja umeshika fremu.

"Apolonia," alisema Yakobo, "mimi najua."

Mkewe aligeuka.

"Tangu Machi. Kila alfajiri kabla hujaamka naenda kwenye mizinga. Siwaoni vizuri, nawapapasa chini kwa vidole. Naokota waliokufa, nawafukia, ili usiwakute. Nilidhani wewe ndiwe usiyejua."

Apolonia alijifunika uso kwa khanga. Nyanjige alitazama karatasi yake, akaona hajaandika neno.

"Mzee," alisema hatimaye, "itanibidi niende Bariadi na mama. Kubadilisha sampuli ni kosa. Na wewe utaandikisha maelezo."

"Sawa." Yakobo alipapasa ukuta mpaka akalifikia bega la mkewe. "Lakini kwanza waite akina mama wote wa kikundi. Nataka niwaambie mwenyewe, na yeye akiwa hapa pembeni yangu."