Mama Ameenda Saluni

Watu wa Gatongora, nyumba yetu haina uongo. Ulizeni mtu yeyote pale bombani. Wengine wamejaliwa magari, sisi tumejaliwa ukweli; tungeweza hata kuuza kwa debe.

Jumamosi moja Mama alikuwa ameketi mlangoni akiambua minji, mguu wake mbovu ukiwa juu ya stuli. Dadangu Ciku alikuwa akimenya viazi. Mimi nilikuwa nikisimamia, maana kila kazi inahitaji msimamizi. Basi geti likafunguka, akaingia kaka yetu mkubwa Bedan, begi begani. Bedan, ambaye sisi tulijua yuko ndani ya meli ya mizigo, upande wa Brazil huko, akitunza injini!

Hakusalimia mtu. Alimtazama Mama, akaketi pale pale mchangani, akalia.

"Kumbe uko hai," alisema.

"Ngai! Kwani nani amekufa?" Mama akashtuka, minji zote chini.

Msomaji, ngoja nikueleze. Mama alikuwa ameteleza akavunjika nyonga, akalazwa hospitali Thika. Tukakaa kikao cha familia, kama mnavyokaa nyinyi pia, msijifanye. Tukakubaliana: "Bedan asiambiwe. Ako baharini, atapata mawazo." Hata shangazi wa Ngoliba, ambaye hajawahi kunyamazia kitu, alinyamaza.

Kwa hivyo kila Bedan alipopata mtandao na kumuulizia Mama, mtu fulani wa nyumba hii, ambaye sitamtaja, alimjibu: "Ameenda kesha." Akiuliza tena: "Ameenda Ngoliba kuvuna." Maneno yalipomwishia: "Ameenda saluni."

"Saluni!" Bedan alisema akijipangusa uso. "Mama huyu anayesukwa na Ciku hapa nje bure? Wiki moja, saluni kila siku! Nilijua mmeshamzika."

"Tulikuwa tunakulinda, brathe," nikasema kwa upole wa shemasi.

"Mwas, ile injini ni kubwa kuliko hii nyumba, na ikiugua inapiga kelele. Naisikia, naishughulikia. Nyinyi mlininyamazia. Joto nilizoea. Kuongezewa miezi kwa sababu wa kunipokea zamu hajaletwa, hata hilo nilizoea. Lakini mkisema 'tuko sawa' usingizi unapotea. Kule sina jirani wa kutuma aje achungulie."

Kumbe baada ya wiki ile ya saluni, bandari iliyofuata aliomba kushuka. Nahodha hakushangaa. Alimwambia tu, "Wewe si kijana wa kwanza."

Mama aligusa kitambaa chake cha kichwa. "Yaani umeacha kazi kwa ajili ya nywele zangu?"

Ciku ndiye alianza kucheka. Kisha Mama. Mwishowe hata Bedan, machozi bado mashavuni, na minji tukaziokota pamoja.

Hakurudi baharini. Siku hizi anatunza mtambo wa mvuke katika kiwanda kimoja Thika, na jioni anakula na Mama. Ana furaha, sitii chumvi. Lakini alikuwa karibu kupandishwa cheo kule, na mara nyingine Ciku humkuta akitazama video ya meli yake kwa simu, sauti ameizima.

FUNZO

Msidhani vijana wanaikimbia bahari kwa kuogopa mawimbi tu. Wenye meli, mtu akimaliza muda wake mleteni nyumbani, na mkiwa naye mpeni mtandao. Na sisi wa nyumbani, aliye mbali tumwambie ukweli, hata ukiwa mchungu kama pombe ya mratina iliyochacha. Ukimficha mtu ugonjwa wa mamake, umeshamzika huyo mama moyoni mwake. Uongo wa huruma ni uongo tu.

Hayo ndiyo niliyowasomea vijana wa kanisa letu Jumapili iliyopita. Walipiga makofi. Nilikuwa nikikunja karatasi yangu, shingo imenyooka kama ya askofu, Ciku aliposimama kule nyuma kando ya Bedan.

"Mwas, huyo mtu fulani ametusalimia," alisema, akafungua ujumbe wa siku zile kwenye simu ya Bedan, karibu na kipaza sauti cha kwaya.

Sauti ikajaa kanisa, changamfu, isiyo na aibu hata chembe: "Bedoo, niaje! Mathe ako saluni tena, leo anawekwa rangi!"

Ilikuwa yangu. Kwenye benchi la mbele Mama aligeuka polepole, mkono kwenye kitambaa chake.

"Rangi gani, Mwas?"