Bolti Sita za Usukani

"Meli ya petroli inaingia bandarini. Tuna dakika ishirini. Marcelino ndiye anayejua wameihujumu vipi."

Sauti ya mkuu ikakatika sikioni.

Severa, jasusi wa idara isiyo na kibao mlangoni, akaruka mkokoteni wa vitunguu na kukata kona ya mtaa wa Gerezani, Kariakoo. Akamdaka Marcelino kwenye mlango wa karakana ya fundi chuma. Bastola ikamgusa mbavu.

"Mmeifanya nini ile meli?"

Marcelino akacheka. "Umechelewa, dada."

Severa akamfunga pingu kwenye nguzo, akaingia ndani.

Mzee Kitwana, fundi mwenyewe, alisimama kando ya mashine yake ya kuchonga chuma. Kwenye rafu palikuwa na bolti sita kuukuu, nene kama mchi. Fundi wa Kariakoo hakuchongei kitu bila sampuli, na Marcelino, kwa haraka zake, alizisahau hizo hadi leo alipozirudia.

"Shikamoo, mzee. Hizi za nini?"

"Marahaba. Alisema za mashine ya kukoboa. Akataka nyingine sita, ila za chuma laini."

"Chuma laini! Na hukumuuliza kwa nini?"



Severa akapiga picha, akamtumia Nasreen, mhandisi wa idara. Simu ikaita hapo hapo.

"Za usukani hizo, lile bamba linalogeuza meli kule nyuma. Kuna meli bamba lake limeshikwa juu na chini. Hii linaning'inia kwa juu tu. Wakikata kona Magogoni, pale kivuko kinapopita, bolti laini walizofunga zitakatika, bamba lizame, meli ikivae kivuko."

Kitwana akaketi sakafuni. "Mke wangu anavuka saa hizi. Ummy wangu!"

Severa alimwonea huruma, na hasira haikumtoka.

"Mkuu, zuia kivuko! Meli isigeuzwe kwa usukani. Boti mbili ziivute."

Dakika tano. Dakika saba.

"Severa?" sauti ya mkuu ikarudi sikioni. "Bamba limezama. Ila boti zimeishika meli. Watu wote salama."

Akavuta pumzi.

Simu ya Kitwana ikaita. Sauti ya mwanamke ikajaa karakana.

"Baba Amira, wametuzuia hapa Feri, jua linatuchoma, hata hawasemi kuna nini. Wewe umesikia chochote?"

Mzee akamtazama Severa.

Severa akatoa pingu za pili.

"Mwambie leo asikusubiri kula," akasema, akatangulia kumsubiri mlangoni.