Kur Anakuja Alhamisi

Alhamisi ile Achieng aliporudi kutoka chakula cha mchana alikuta kiti wanachokalia wanamieleka wakija kupimwa kimevutwa hadi mezani pake, na juu yake pana majivu.

Hakushtuka mara moja. Juba ni mji wa vumbi, na ofisi yenyewe ilikuwa kontena la chuma nyuma ya uwanja wa ndege, lenye dirisha moja lisilofunga sawasawa. Alichukua kitambaa akaanza kufuta. Majivu yalikuwa meupe, laini kama unga, yananuka kinyesi cha ng'ombe kilichoungua. Hapo mkono ukasita. Wanamieleka hujipaka majivu ya namna hiyo kabla ya kuingia ulingoni, na siku hiyo mwenye miadi ya saa nane alikuwa mmoja tu. Alikuwa amezikwa Jumatatu.

Alimaliza kufuta, akakirudisha kiti ukutani. Hakumwambia mtu.

Achieng alikuwa muuguzi kutoka Kisumu. Mwaka ule kabla ya kura ya maoni ya uhuru aliletwa Juba kuratibu utafiti wa wanamieleka wanaoumia kichwani. Kazi haikuwa ngumu kuieleza. Mtu akiangushwa kwa kichwa, anakuja ofisini, anasomewa maneno matano, anapumzika kidogo, kisha anaulizwa ayataje. Akitaja manne au matano anaendelea na mchezo, ila anarudi kila Alhamisi kwa mwezi mzima. Akitaja chini ya manne, hapigani tena, na anapandishwa ndege kwenda Nairobi kupigwa picha ya ubongo.

Kur alikuja siku tano baada ya kuangushwa. Alikuwa mpakizi wa mizigo kule Sherikat, mtaa wa ng'ambo ya mto, mrefu hata akainama mlangoni, mwenye Kiswahili kidogo alichookota kwa madereva wa malori ya Kampala. Bona, muuguzi msaidizi, alimsomea maneno kwa Kiswahili na Kidinka. Maziwa, daraja, kamba, mwezi, shoka.

"Maziwa," Kur alisema muda ulipofika. "Daraja." Kisha akatazama dari, akatabasamu, akasubiri. Hakuna kilichokuja.

Jumamosi yake palikuwa na pambano kubwa, na Kur alilitaka mno. Na asubuhi ileile profesa mwenye utafiti alikuwa amepiga simu kutoka Nairobi. Watu wanatolewa wengi mno, alisema. Wasipomaliza thelathini, utafiti unafungwa, na Achieng ajue jina lake ndilo litakaloandikwa kwenye ripoti. Achieng alimtazama yule kijana mkubwa aliyekaa mbele yake akiwa na aibu kama mtoto aliyeitwa ubaoni. Akainua vidole vyake, akafanya kama anafunga fundo hewani.

"Kamba!" Kur akapaza sauti.

Achieng akaonyesha kidole juu, akachora duara.

"Mwezi!"

Akaandika manne. Bona alimwangalia, kisha akaangalia sakafu.

"Alhamisi ijayo, saa nane," Achieng alimwambia Kur. "Usikose."

"Sikosi, mama."

Jumamosi aliangushwa tena. Akainuka, akacheka na wenzake, akaenda nyumbani kulala. Hakuamka.

Siku nne baada ya yale majivu, Ayak, mjane wa Kur, alikuja ofisini. Alikulia Nakuru wakati wa vita, akarudi baada ya amani, na Kiswahili chake kilikuwa kama cha Achieng mwenyewe. Alikaa kwenye kiti kilekile.

"Dada, mimi ndiye nilimwambia Kur aje kwenu," alisema. "Sasa mama mkwe anasema nilimpeleka kwa wageni wakamfungua kichwa, jok akaingia humo. Wanasema nirudi nilikotoka, mtoto wangu abaki kwao. Niambie tu ukweli. Kichwa chake kilikuwa sawa?"

Jok. Bibi yake Achieng, kule kijijini, alikuwa akiwaita juogi, roho zinazomwingia mtu. Achieng akafungua faili, akatoa fomu, akaisukuma mezani.

"Manne kati ya matano. Alikuwa sawa."

Ayak aliisoma polepole. "Kwa hiyo ni jok kweli," akanong'ona. "Ni mimi nilimleta." Akainuka akaondoka bila kuaga, na Achieng akabaki ameshika ile fomu. Angeweza kumwita. Ayak alikuwa bado getini.

Alhamisi ya pili hakwenda kula. Alijifungia ndani, akisema moyoni kwamba akiwa yeye mwenyewe mle ndani hakuna kitakachosogeza kiti. Saa nane mchana Juba hulala. Jenereta lilikuwa limezimwa, hakuna ndege iliyokuwa ikishuka, na kontena lilikuwa likitoa milio midogo kwa joto. Kisha akasikia nyayo kwenye kokoto, nyayo za miguu mitupu, nzito, zisizo na haraka.

Zikasimama mlangoni. Mlango haukufunguka, lakini sakafu ya kontena ilibonyea kidogo upande ule, kama inavyobonyea mtu mzito anapopanda, na ile harufu ya majivu na jasho ikaingia, ikajaa, ikamkaa kooni, na kiti kikaanza kuvutwa kutoka ukutani, taratibu, mguu mmoja ukikwaruza sakafu, mpaka kikafika mbele ya meza yake na kulia kwa uzito wa mtu anayeketi, na Achieng, aliyetaka kupiga kelele na hakuweza, aliyetaka kufumba macho na hayakufumba, akakiona kiti kitupu kikisogea kidogo tena, kwa adabu, kama anavyojiweka sawa mtu aliyekuja kuulizwa maswali.

"Maziwa," sauti ikasema. "Daraja."

Pumzi nzito.

"Mama. Ingine ni nini?"

Na vidole vya Achieng, bila yeye kuviamuru, vikainuka kutoka mapajani vikafunga fundo hewani.

"Kamba!" ikasema sauti, ikacheka kicheko cha mtu aliyesaidiwa.

Alipopata nguvu za kufungua mlango alimkuta Bona amechuchumaa nje, mikono kichwani.

"Umesikia?" alimuuliza kwa kunong'ona.

"Madam, mimi iko nasikia. Hata wiki ile ingine mimi nilisikia kiti." Machozi yalikuwa yanamlenga. "Ni Kur. Iko nataja maneno. Mimi pia nilikuwa hapo, madam. Mimi pia nilinyamaza."

Bona ndiye aliyemleta Mama Adit, mwanamke wa maombi wa kanisa lao, mfupi, mkavu, mwenye msalaba wa shaba uliofuliwa kwa maganda ya risasi. Alhamisi ya tatu aliingia kabla ya saa nane, akaimba, akagonga kuta zote za chuma kwa msalaba ule hadi kontena likawa kama ngoma. Nyayo ziliposikika kwenye kokoto hakuacha kuimba. Kiti kilipovutwa, aliacha.

Alizungumza na kiti kwa Kidinka, kwa muda mrefu, mara akiuliza, mara akinyamaza kusikiliza. Achieng alikuwa amejibana kwenye kona ya kabati la mafaili. Mwishowe Mama Adit aliuweka msalaba mezani, na Bona akawa anatafsiri.

"Anasema huyu hafukuzwi. Yeye hakuja kwa ubaya. Anasema wewe ndiye uliita yeye. Uliambia yeye asikose."

"Mwambie asije tena," Achieng akasema. "Mwambie namwachilia. Mwambie aende."

Mama Adit akasema na kiti. Akasikiliza. Uso wake ukabadilika, akamgeukia Achieng akamtazama kwa mara ya kwanza kama anayemwona.

"Anauliza kitu," Bona akasema. "Anauliza, yeye alipita mtihani ama hakupita?"

Harufu ya majivu ilikuwa nzito kiasi cha kuumiza macho. Achieng aligeuka kutazama kabati lenye ile fomu.

"Mama Adit anasema jibu," Bona akanong'ona. "Lakini si hapa. Hapa uliandika uongo. Jibu mbele ya watu yake."

Jumamosi mchana Bona alimpakia kwenye pikipiki ya mradi, wakavuka daraja hadi Sherikat. Walikuta wanaume wa ukoo wamekaa kwenye viti vya plastiki uani, na Ayak amesimama kando na begi lililokwisha kufungwa. Mtoto wake, msichana wa miaka miwili, alikuwa mapajani mwa Mama Achok, mama yake Kur.

Achieng hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama, na Bona akitafsiri sentensi kwa sentensi. Kwamba Kur alikumbuka maneno mawili tu. Kwamba kichwa chake kilikuwa kimeumia na yeye alilijua hilo. Kwamba alitakiwa kumpeleka Nairobi, akamwonyesha kwa vidole, akaandika manne. Kwamba Ayak hakuleta jok yeyote. "Hakupita," alisema, na safari hii aliinua uso, akasema na hewa ya ule ua. "Kur, hukupita. Kosa ni langu."

Alitegemea kelele. Alitegemea kupigwa. Wanaume walitazamana, mmoja akainuka na kiti chake kikaanguka, lakini Mama Achok aliinua kiganja, na yule mwanaume akakaa chini. Bibi yule alisema polepole, akimpapasa mjukuu nywele.

"Anasema alijua," Bona akatafsiri. "Si kujua hivyo. Anasema Kur alirudi siku ile akicheka. Akasema kule kwa daktari kuna mama Mkenya, roho yake nzuri sana, amemsaidia kwa mtihani. Akasema..." Bona akasita. "Akasema Mungu abariki yeye. Na Mama Achok aliombea wewe usiku ule. Kur akiwa amelala hapo ndani."

Achieng alipiga magoti pale chini. Hakuna aliyemwinua.

Mama Achok alisimama, akatembea hadi kwa Ayak, akamweka mtoto mikononi mwake. Akalichukua begi lake akaliingiza ndani ya nyumba. Hakumtazama Achieng tena.

Ayak ndiye aliyewafuata hadi kwenye pikipiki. Macho yake yalikuwa makavu.

"Nilikuja kwako," alisema. "Nilikaa mbele yako nikakuuliza."

"Najua."

"Basi nikuulize tena, na leo unijibu vizuri. Ni Kur peke yake uliyemsaidia?"

Pikipiki ya mtu ilipita. Achieng alishika usukani wa ile yao. Mbali, ng'ambo ya mto, ngoma za pambano la Jumamosi zilikuwa zimeanza.

"Kuna mwingine," alisema. "Lagu. Siku ileile ya Kur. Alikumbuka matatu."

"Lagu anapigana leo," Bona akasema kwa hofu. "Saa kumi."

Ayak alirudi nyuma hatua moja, kuwapisha wawahi kumzuia.

Bona aliwasha pikipiki, Achieng akapanda nyuma yake. Walikuwa hawajaondoka pale springi za nyuma zilipobonyea ghafla, chini kabisa, kama anapopanda mtu mrefu, mzito. Magoti yasiyoonekana yakagusa mapaja ya Achieng pande zote mbili. Majivu yakamdondokea begani, meupe, laini. Bona aliiona pikipiki inavyolemewa, akageuza shingo nusu, akaishia hapo.

"Madam," akanong'ona. "Sisi iko wangapi?"

"Endesha, Bona," Achieng akasema. "Endesha, anataka kufika."