Gego la Redio

Mume wangu ni kinyozi, na mtaa mzima unamwita Redio. Hakuonewa kupewa jina hilo. Akiwasha mashine ya kunyolea asubuhi, mdomo nao unawaka. Ataanza na habari za mvua, atapitia kwenye mpira, atamalizia na ndoa za watu. Mteja anainuka kitini kichwa kinang'aa na masikio yamejaa.

Mimi ni msusi. Chumba chetu cha kazi ni kimoja, tumekigawa kwa pazia. Mbele ananyoa yeye, nyuma nasuka mimi. Nampenda sana mume wangu, ila siku nyingine nagonga meza kwa kitana na kumwambia, "Baba watoto, punguza sauti."

Shida ilianza na gego la chini, upande wa kushoto. Lilikuwa na tundu dogo jeusi. Akinywa chai ya moto anashtuka. Akinywa maji ya baridi anashika shavu.

"Nenda ukalizibe," nilimwambia. "Usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Niende wapi? Wale wanajua kazi moja tu, kung'oa. Unataka mume kibogoyo?"

"Mume ninaye tayari. Wewe nenda."

Hakwenda. Baba yake mzazi aling'olewa gego moja, baadaye la pili, na mwisho akabaki na fizi tupu. Maneno ya mzee yakawa hayasikiki vizuri, na watu wakaacha kumsikiliza. Mume wangu aliogopa yampate hayo hayo. Kwake yeye, kinyozi asiyeweza kuongea ni mashine tu.

Akaamua kujitibu kinyozi-kinyozi. Pale dukani ana spiriti ya kupaka wateja wakishanyolewa. Akachovya pamba, akaikandamiza kwenye fizi.

"Inaua vijidudu vya kisogoni," alisema. "Vya mdomoni vina ubabe gani?"

Fizi ikageuka nyeupe na kuchubuka. Machozi yakamtoka, lakini hakukubali. Kisha akanunua vidonge duka la dawa bila kupimwa, akameza viwili vitatu. Siku moja maumivu yakaisha yenyewe. Alifurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

"Umeona? Jino limejitibu."

Na mimi nikaamini. Nani asingependa kuamini?

Zikapita wiki kadhaa. Asubuhi moja aliamka shavu limevimba. Akalifunika kwa taulo la moto, lile la kulainishia ndevu za wateja. Kufika mchana uvimbe ulikuwa umezidi. Mdomo ulifunguka kiasi cha kupitisha kijiko tu, na taya ikawa inalia "ko" kila akijaribu kuufungua.

Siku hiyo alinyoa watu kwa ishara. Nyuma ya pazia nilisikia mashine peke yake. Mteja wangu aliniuliza kwa sauti ya chini, "Kwani kuna msiba?" Nikaenda kumgusa paji la uso. Lilikuwa la moto. Kimya kile kilinitia hofu kuliko hata uvimbe wenyewe.

Muda huo huo akaingia bwana mmoja wa miwani, mteja wetu wa siku nyingi. Kawaida yake hukaa, hufumba macho, hunyolewa, huondoka. Mume wangu alimfunga kitambaa shingoni bila neno. Yule bwana akafumbua macho na kumtazama kwenye kioo.

"Vipi leo, fundi? Betri imeisha?"

Mume wangu akaonyesha shavu. Bwana yule akasimama na kitambaa chake shingoni.

"Hebu keti wewe. Fungua mdomo. Basi, usijilazimishe. Unaweza kumeza mate? Kupumua je?"

Mume wangu akatikisa kichwa kukubali. Mimi nikatoka nyuma ya pazia na kumwaga yote: tundu, spiriti, vidonge na taulo.

"Shemeji," alisema, "mimi ni daktari wa meno. Kliniki yangu iko pale karibu na posta. Funga duka, twende sasa hivi."

Nikamuuliza, "Miaka yote unanyolewa hapa, hujawahi kusema?"

"Ningesema saa ngapi, shemeji?"

Kliniki ilikuwa na kiti kinacholala na taa kubwa juu yake. Daktari alipiga picha ya jino, akatuonyesha.

"Jino lina uhai ndani yake," alieleza. "Tundu lilipokuwa dogo, kuziba kungetosha. Ingekuwa kama umekuja kuchana nywele tu. Lakini vijidudu viliingia mpaka kwenye mshipa wa fahamu, ukafa. Ndiyo maana hukusikia maumivu tena. Maumivu yaliondoka, ugonjwa ukabaki. Sasa kuna usaha kwenye mzizi."

"Na spiriti?" niliuliza.

"Imemuunguza fizi bure. Ndani ya jino haifiki. Na shavu lililovimba kwa usaha haliwekewi joto, uvimbe unaweza kuzidi. Kitambaa cha baridi hutuliza. Vidonge navyo havitoshi, usaha lazima utolewe."

Kisha akashusha sauti. "Ungechelewa, uvimbe ungeweza kushuka shingoni na kubana njia ya hewa. Mtu akivimba taya na kupata homa, au mdomo ukikataa kufunguka, aje siku hiyo hiyo. Akishindwa kumeza au kupumua, akimbizwe hospitali, hata iwe usiku."

Nilimshika mume wangu mkono. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tulikuwa tumeyaficha vizuri.

Mume wangu akauliza kwa mdomo mdogo, "Unaling'oa?"

"Njia ni mbili. Ya kwanza ni kung'oa. Ni ya haraka, lakini pengo likiachwa wazi, meno ya jirani huanza kulalia. Ukitaka, baadaye unawekewa jino la bandia. Ya pili ni kutibu mzizi. Tunasafisha ndani, tunaziba, kisha tunalivika jino kofia ngumu lisivunjike. Hii ina gharama zaidi na utakuja mara kadhaa. Jino lako bado lina kuta nzuri, linaokoleka."

"Baba aliondokewa na yote," mume wangu alisema. Nilikuwa sijamsikia akilitaja jambo hilo mbele ya mgeni.

"Baba yako hakupoteza meno kwa sababu lilitoka moja. Huenda mengine nayo yaliugua, yasitibiwe. Hayo ndiyo tutakayozuia."

Mume wangu akanitazama. "Tutibu mzizi," nikasema. Naye akakubali.

Akachomwa sindano ya ganzi, usaha ukatolewa. Nilipouliza kuhusu taya inayolia, daktari alisema, "Amekuwa akitafuna upande mmoja na kuuma meno kwa maumivu. Kiungo cha taya kimechoka. Ale vyakula laini, asitafune bigijii, asipanue mdomo sana akipiga miayo. Uvimbe ukiisha kabisa, hapo ndipo taulo la uvuguvugu linaruhusiwa, kulegeza misuli. Isipotulia, tutamtengenezea kinga ya plastiki ya kuvaa akilala. Na kwa sasa aongee kidogo."

"Daktari, hilo la mwisho liandike kwenye karatasi," nikasema. Mume wangu alicheka nusu, maana nusu nyingine ilikuwa na ganzi.

Homa iliisha, uvimbe ukashuka. Alirudi kliniki kila alipoitwa, hadi gego likavikwa kofia. Meno mengine mawili yalikutwa na matundu madogo, yakazibwa siku moja, hata bila kutoa chozi. Siku hizi familia nzima tunapiga mswaki asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floridi. Sukari ya chai tumeipunguza. Watoto nao wanapelekwa kukaguliwa kabla hawajaumwa.

Wakati taya inapumzika, mimi ndiye niliyeongea. Nilimsimulia ya wateja wangu, ya utotoni, hata ndoto zangu. Alisikiliza akitabasamu. Kumbe ana sikio zuri, lilikuwa halijapewa kazi.

Na sauti ilirudi yote. Juzi alikuwa anamnyoa fundi baiskeli, hadithi imefika patamu, mara akaona jamaa ameshika shavu. Akazima mashine.

"Linauma tangu lini?"

"Dogo tu. Nimeliwekea karafuu, litapoa."

"Mimi kazi yangu nywele. Meno yana mwenyewe, yuko karibu na posta. Nusu hii nimenyoa, nusu nyingine ukitoka kwake."

"Redio, acha utani. Nitapitaje barabarani hivi?"

"Vaa kofia."

Jamaa alibisha, akabembeleza, mwisho akaenda. Alasiri alirudi, jino limezibwa, limebaki mahali pake. Mume wangu alimvua kofia, akawasha mashine, na hadithi aliyoikatiza asubuhi akaianzia pale pale alipoishia.