Wafli za Chapuchapu

Chapuchapu alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na jina hilo hakupewa bure. Akitoka shule, kiatu kimoja kilibaki mlangoni na kingine chini ya meza, begi lilirushwa kitini, na kabla baba yake hajaitikia salamu, yeye alikuwa jikoni anafunua sufuria. Kazi za shule alizimaliza kabla ya wenzake, kisha akazirudia baada ya wenzake, kwa sababu nusu alikuwa amezikosea.

"Mama, polepole," baba yake, fundi wa baiskeli, alimwambia kila siku. "Hakuna anayekukimbiza."

Pamoja nao aliishi shangazi, aliyekuwa mpishi wa kifungua kinywa katika hoteli moja. Jumapili, siku yake ya mapumziko, shangazi aliitoa kabatini mashine ya wafli ambayo hoteli iliiuza ilipopata mpya. Wafli ni mikate laini kwa ndani na mikavu kwa nje, yenye vishimo vya mraba kama kurasa za daftari la hesabu. Shangazi alichukua wafli mbili, akaweka katikati jibini, vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa vya kahawia, na asali kidogo. Kisha alizichoma kwenye kikaango kwa siagi hadi jibini ikayeyuka na kuchungulia pembeni. Ukiuma, ulimi haujui ushike lipi, chumvi au utamu.

Jumapili moja zilibaki. Jumatatu Chapuchapu alizibeba shuleni, akazikata vipande vidogo na kuwaonjesha wenzake wa klabu ya upishi. Watu wakaanza kuramba vidole. Hata mwalimu wa klabu, ambaye kumsifu mtu kwake ilikuwa kazi nzito, alifumba macho akitafuna.

"Hiki kitu kapika nani?" aliuliza.

"Mimi," alisema Chapuchapu.

Neno lilimtoka kabla hajalifikiria. Angeweza kulirudisha, lakini wenzake walikuwa wameshaanza kumpigia makofi, na makofi yalimnogea.

"Basi mjadala umekwisha," alisema mwalimu. "Jumamosi, kwenye mashindano ya upishi ya shule zote, wewe ndiye utakayetupikia mbele ya waamuzi."

Nafasi hiyo ilikuwa ya Profesa, mvulana mwenye miwani aliyekuwa akifanyia mazoezi kimanda chake cha mboga kwa wiki tatu. Profesa alipiga makofi pia. Kisha alivua miwani akaanza kuifuta, ingawa haikuwa na vumbi lolote.

"Wewe unajuaje kwamba wafli imeiva?" alimwuliza Chapuchapu walipokuwa wakitoka.

"Nafunua, naangalia," alijibu Chapuchapu, akaongeza mwendo.

Jumanne mchana, shangazi akiwa amejilaza chumbani, Chapuchapu aliitoa mashine mwenyewe. Kitu amekiona Jumapili zote hizo, kitamshindaje? Alikoroga unga, mayai na maziwa, akatia vijiko vitano vya sukari, maana si alitaka tamu? Alimimina rojo, akafunika. Taa ndogo ya mashine, iliyopaswa kuonyesha kwamba wafli imeiva, ilikuwa imekufa siku nyingi. Alihesabu hadi kumi na tano, akafunua. Wafli ikachanika katikati, nusu imeng'ang'ania juu, nusu chini. Ya pili ikawa vilevile. Ya tatu na ya nne zilinusurika kidogo, lakini alipozichoma na jibini zikaungua nje, nyeusi tii, na jibini ndani bado ya baridi.

Moshi ndio uliomwamsha shangazi.

"Jamani! Humu jikoni kuna vita?"

Chapuchapu akaangua kilio, na katika kilio hicho akamwaga yote: vipande vya kuonjesha, makofi, mashindano na nafasi ya Profesa. Mwanzoni shangazi alicheka, kwa sababu pua ya mtoto ilikuwa nyeupe kwa unga. Aliposikia habari za Profesa, kicheko kikakatika.

"Nitakufundisha," alisema. "Ila kwanza umrudishie mwenzio nafasi yake."

"Shangazi, watanicheka!"

"Watakucheka, ndiyo. Halafu watachoka. Au unataka kusimama mbele ya waamuzi na mashine usiyoijua?"

Jumatano Chapuchapu alipiga moyo konde, akasimama mbele ya klabu nzima.

"Zile wafli sikupika mimi. Kapika shangazi yangu. Nilidanganya. Profesa, nisamehe, nafasi ni yako."

Walimcheka kweli. Mmoja alipiga hata meza. Profesa peke yake hakucheka, na mwalimu alisubiri mpaka darasa likatulia.

"Na wewe bado unataka kupika?" alimwuliza.

"Nataka, mwalimu. Ila sijui."

"Basi Ijumaa mtapika wote wawili hapahapa. Klabu itaonja na kuamua nani aende Jumamosi. Profesa, unakubali?"

"Nakubali," alisema Profesa. "Nataka kushinda kwa kupika."

Mchana huo shangazi aliketi kwenye kigoda jikoni, mikono mapajani. "Mikono yangu iko likizo," alitangaza. "Ukitaka kitu, uliza mdomo."

"Nitajuaje imeiva?"

"Angalia mvuke. Ukiwa bado unatoka, ndani kuna maji, na ukifunua utaichana. Ukikatika, basi imekauka. Hapo ndipo ufunue."

Chapuchapu alikoroga rojo kama lile la Jumanne, lakini kwake kungoja ilikuwa adhabu. Mara mbili alifunua kabla ya wakati, na mara mbili akakwangua mabaki. Mara ya tatu alikalia viganja vyake ili visimponze. Mvuke ulipungua, ukawa uzi, ukakatika. Alifunua, na wafli ikatoka nzima, ya dhahabu, vishimo vyote mahali pake. Alipiga kelele mpaka baba akaja mbio akidhani kaungua.

Lakini kwenye kikaango mambo yalienda kombo tena. Hata kwa moto mdogo, nje ilikuwa nyeusi na jibini ngumu. Alhamisi ilikuwa hivyohivyo. Shangazi alimwuliza swali moja tu: "Kinachoungua ni nini?"

Chapuchapu alichukua kisu, akakwangua ule weusi, akaulamba. Ulikuwa mchungu, na nyuma ya uchungu kulikuwa na kitu alichokijua. Akaruka.

"Sukari! Ni sukari niliyotia kwenye rojo! Inaungua kabla jibini haijapata joto!"

Shangazi alitabasamu, meno yote nje. Chapuchapu alikoroga rojo jipya bila sukari hata chembe. Utamu aliuacha kwa asali, ndani, ambako kikaango hakiugusi. Akapunguza moto, akaweka kifuniko, akangoja. Baba, aliyekuwa amekula kila kilichoharibika tangu Jumatano, aliuma hiki cha mwisho, akauma tena.

"Nimekula makosa kumi na moja," alisema akijishika tumbo. "Hili la kumi na mbili si kosa."

Ijumaa kimanda cha Profesa kilitoka kizuri, na watu walikisifu kwa haki. Zamu ya Chapuchapu ilipofika, wenzake walizunguka meza.

"Fungua! Itaungua!"

"Bado," alisema Chapuchapu.

Wakatazamana. Neno hilo hawakuwahi kulisikia kinywani mwake. Aliweka mikono nyuma, macho kwenye mvuke, hadi ukakatika. Wafli zilitoka nzima moja baada ya nyingine, akazijaza na kuzichoma kwa moto mdogo, na alipokata mkate wa kwanza, jibini ilivutika nyuzi ndefu na harufu ya vitunguu na asali ikajaa chumba.

Mikono ilihesabiwa: saba kwa kimanda, saba kwa wafli. Akabaki Profesa, ambaye alikuwa bado anatafuna. Alichukua kipande cha pili. Kisha akanyoosha mkono upande wa wafli.

"Kimanda changu ni kizuri," alisema, "lakini hiki nitakiota."

"Basi twende wote," alisema Chapuchapu. "Msaidizi anaruhusiwa, na hakuna anayekata vitunguu vyembamba kama wewe."

Jumamosi, mbele ya waamuzi watatu na shule tisa, Profesa alikata vitunguu na Chapuchapu akangoja mvuke wake bila papara. Jina la shule yao lilipotajwa kuwa la kwanza, shangazi aliruka juu kuliko wanafunzi wote, na baba akampigia mwanawe vigelegele vya kiume vilivyowavunja watu mbavu.

Mwalimu aliinua kombe mbele ya klabu yake.

"Watu watasema mmelishinda leo," alisema. "Mimi nasema mlianza kulishinda Jumatano. Chapuchapu, ulipojidai unajua, hukuweza kumwuliza mtu yeyote, na hakuna aliyeweza kukufundisha. Uliposema 'sijui', siku mbili zilikutosha kuwa mpishi. Msione haya kusema ukweli, wanangu, wala kurudia kazi mpaka itoke vizuri."

Kisha akamkabidhi kombe. Chapuchapu alilipokea kwa mikono miwili, akamshikisha Profesa upande mmoja, na wote wawili wakaliinua juu huku klabu nzima ikiwapigia makofi.