Taa Isiyo na Wadudu

Kisumu ikifika jioni, kila taa hupata wageni wake. Wadudu wadogo wa ziwani, sam kama wenyeji wanavyowaita, hupanda kutoka majini wingu zima na kuzunguka balbu, mpaka mtu hula chakula chake akiwa amekikinga kwa kiganja. Apiyo alikuwa amewazoea. Alikaanga samaki mkabala na lango la uwanja mpya, na karai lake alilifunika kwa sinia ili sam wasigeuke kitoweo. Jioni moja aliinua macho akaona taa zote za barabarani zimejaa wadudu, isipokuwa ile iliyosimama juu ya kibanda chake. Iliwaka vizuri tu, nyeupe, na hakuna mdudu hata mmoja aliyeisogelea.

Kusema kweli alifurahi. Muuza samaki gani atalalamika kwamba wadudu wamempungukia?

Uwanja wenyewe ulikuwa kichekesho cha mji. Watu waliomba uwanja wa kandanda, wakajengewa wa besiboli, tena katikati ya mji, kwa sababu wafadhili walitaka hivyo na anayepewa hana neno. Wakoli, soja wa langoni, mtu wa Bungoma aliyependa mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta iliyokaangwa baada ya minofu kutolewa, kuliko mshahara wake, ndiye pekee aliyejidai kuuelewa mchezo huo.

"Ni rahisi, mama," alimweleza Apiyo huku akifyonza mifupa ya mbuta. "Unagonga mpira na rungu, unatoka mbio, unazunguka hizo kona zote. Ukirudi pale kwa kibao cheupe, umeshinda. Hicho kibao wanaita nyumbani."

"Yaani mtu mzima anatoka nyumbani, anakimbia bure, anarudi nyumbani, na analipwa?"

"Ndio hivyo."

"Yawa! Kuna watu wana raha hii dunia."

Taa, hata hivyo, kila mtu alizisifu. Kulikuwa na mulika mwizi nne ndefu kwenye pembe za uwanja, na taa nyingine zilizopangwa kando ya barabara kuuzunguka wote. Mwanga wake ulifika mbali ziwani. Wavuvi wa Dunga walisema ukiwa majini siku hizi huoni tena nyota upande wa mji. Baadhi yao hawakuupenda mwanga ule. Omena, dagaa wa ziwa lile, huvuliwa kwa taa: unaiwasha gizani juu ya maji, unangoja, nao wanakuja wenyewe. Lakini taa haichagui cha kuita, na wavuvi wa zamani hawapendi kuzungumzia vile vingine vinavyokuja.

Opondo, mume wa Apiyo, alikuwa mvuvi wa omena. Miezi minane kabla ya jioni ile, dhoruba iliipindua mashua yao. Wenzake watatu waliokotwa, wakazikwa. Yeye hakuonekana, si mzima si maiti. Sasa, Waluo wana desturi yao: ziwa likimeza mtu na lisimrudishe, jamaa zake hukata tunda la yago, lile refu na zito kama mkono wa mtu mzima, wakalivika nguo zake na kulizika nyumbani kwa jina lake, ili roho isitangetange. Ogola, kaka mkubwa wa Opondo, alikuwa amekuja na neno hilo mara nyingi, na kila mara Apiyo alimrudisha nalo.

"Shemeji, mtazikaje mtu na hamjaona mwili?" alisema. "Akirudi akute kaburi yake hapo mlangoni, mimi nitamwambia nini?"

Alimpenda mumewe, na tumaini lile ndilo pekee lililobaki mkononi mwake. Kuzika yago kungekuwa kulitupa kwa hiari yake.

Siku chache baada ya sam kuikimbia taa, ikaja harufu. Apiyo alinusa mafuta yake, akanusa samaki wake, akaona vyote viko sawa. Ilikuwa harufu ya maji ya chini kabisa, ya matope chini ya magugu maji yaliyooza, na ilitoka upande wa ziwa. Kisha taa ya mbali ikazimika. Ikawaka tena, na iliyofuata ikazimika. Apiyo alisimama na kijiko mkononi akitazama giza likija taa kwa taa, likiacha mwanga nyuma yake na kuumeza mbele, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, hadi likafika juu ya kibanda chake, na hapo likakaa, na mafuta yakanyamaza karaini ingawa moto ulikuwa ukiwaka, na ndani ya giza lile, karibu sana na sikio lake, sauti iliyojaa maji ikasema, "Apiyo."

Wateja walikimbia bila kulipa. Yeye alibaki pale pale.

Taa ilipowaka, Wakoli alikuwa amesimama langoni, rungu lake limeanguka chini.

"Umesikia?" Apiyo alinong'ona.

"Mama, ongea polepole." Wakoli alitazama nyuma yake. "Mimi sikutaka kukuambia. Kila asubuhi naona nyayo za maji huko ndani. Zinazunguka kona zote kama mtu anacheza. Zikifika karibu na kile kibao cheupe, zinaisha. Hazikanyagi nyumbani."

Habari haikuchelewa kuenea. Mkandarasi alisema ni nyaya, akabadilisha nyaya, na taa zikaendelea kuzimika. Wauza nguo walisema ni jini la tajiri fulani, limeletwa kutoka pwani na sasa limemshinda. Ogola hakuhitaji kuuliza mtu. Alikuja kibandani, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akavua kofia.

"Ni ndugu yangu. Unaona vile umemfanya anatembea barabarani kama chokora?"

"Si Opondo," Apiyo alisema. "Tangu anioe, Opondo hajawahi kuniita Apiyo. Ananiita Nyar Sondu."

Ndivyo ilivyokuwa. Apiyo alizaliwa Sondu, na mumewe alimwita kwa jina hilo, yaani msichana wa Sondu, hata alipokuwa amekasirika.

"Wafu wanasahau, shemeji," Ogola alijibu.

Huenda Apiyo angeshikilia neno lake mpaka leo, kama si Wakoli. Alfajiri moja wafagiaji walimkuta amelala chali kando ya kibao cheupe. Vumbi lililomzunguka lilikuwa kavu, viatu vyake vikavu, lakini kifua kilikuwa kimefura na midomo imekuwa ya bluu. Walipomgeuza alitapika maji ya kijani, akatapika tena, na katika maji yale omena wawili walirukaruka wakiwa hai.

Apiyo alimkuta hospitalini, macho yamemtoka.

"Aliniuliza nyumbani ni wapi," Wakoli alisema kwa sauti ndogo, na Apiyo akalazimika kuinama. "Mimi nikamwonyesha kile kibao, mama. Nilidhani ataenda. Akasema hapana, anataka nyumbani kwa mtu. Halafu akaniingia mdomoni. Sikumwona, nilisikia tu maji, na nilikuwa nimesimama kwa nchi kavu, nikawa naanguka chini na chini na hakuna mahali pa kukanyaga, na yeye anauliza tu, nyumbani ni wapi, nyumbani ni wapi." Alimshika Apiyo mkono. "Mpeni anachotaka. Mimi niko na watoto."

Apiyo alitoka pale akilia. Aliona aibu. Tumaini lake lilikuwa karibu limzamishe mtu wa watu, ambaye kosa lake lilikuwa kusimama langoni.

Walimwita Mama Agneta, wa kanisa la wale wanaovaa kanzu nyeupe, mwanamke aliyesifika kwa kutoa mapepo ambayo wengine wameyakimbia. Alikuja jioni na ngoma na msalaba wa mbao, akasimama chini ya taa isiyo na wadudu, akafumba macho. Taa ilizimika juu yake. Alibaki gizani muda mrefu, hata Ogola akaanza kutaja majina ya watakatifu aliokwisha kuwasahau. Ilipowaka, kanzu ya Mama Agneta ilikuwa imelowa hadi magotini.

"Huyu hana kwao," alisema. "Mkimpa kwao atatulia."

"Ni Opondo?" Apiyo aliuliza.

Mama Agneta alisita. "Jina sijaambiwa. Nimeambiwa tu hana kwao."

Lakini Ogola hakungoja kusikia zaidi. Alikuwa amekwisha kupiga simu yago itafutwe.

Mazishi yalifanyika kwenye boma la kina Opondo, nyuma ya Dunga, mbele ya nyumba ambayo Opondo mwenyewe aliiezeka mabati. Tunda lilivishwa shati lake la Jumapili, likafungwa shukani. Ogola alisimama kaburini, akataja majina yote ya ndugu yake, ya ukoo na ya utani, kisha akamtazama Apiyo.

"Mwite wewe. Wewe ndiye nyumba yake."

Apiyo alipiga magoti. Kwa zaidi ya miezi minane alikuwa ameyabana maneno hayo, na sasa yalimtoka yote pamoja na machozi. "Baba, njoo. Hii ndiyo boma lako. Hii ndiyo mlango yako. Mimi ndiye Nyar Sondu wako, ninakuita. Njoo nyumbani, usitembee tena."

Asubuhi mtu mmoja alikuwa amelibeba lile tunda begani huku akipiga mluzi. Walipoliinua sasa, ilibidi wanaume wanne washike shuka, na mshipa wa shingo ulimtoka kila mmoja, na maji yakaanza kudondoka kutoka kwenye shati la Jumapili, matone kwanza halafu mchirizi, yakitangulia kaburini kabla ya kilichokuwa kikishushwa. Walifukia haraka.

Basi kukatulia. Jioni ile ile sam waliirudia taa ya Apiyo, na aliwatazama wakianguka karaini bila kuwafukuza. Taa za uwanja hazikuzimika tena. Wakoli alirudi kazini amekonda, akaagiza mgongo wazi, akasema maji ya ziwa yamemwongezea hamu ya kula. Uwanja ulifunguliwa, watu wakashangilia wasichokielewa. Apiyo alivaa nguo ya ujane. Moyo uliuma, lakini aliona kwamba maumivu ya mwisho wa jambo ni nafuu kuliko ya kungoja.

Jioni moja ya juma la pili, akiwa ameketi barazani akichambua omena, simu ililia. Alikuwa Nanyama, mchuuzi wa Port Victoria, kule karibu na mpaka wa Uganda, ambaye hununua samaki pamoja naye.

"Apiyo, umeketi chini? Niko na mtu hapa. Wacha nimpatie simu."

Kulikuwa na kelele za soko, kisha pumzi ya mtu.

"Nyar Sondu," ilisema sauti.

Sinia ya omena ilianguka. Apiyo alicheka na kulia kwa pamoja, akauma kanga yake, akamwambia aseme tena, akasema tena. Opondo alieleza mbio mbio, kama mtu anayejua simu ni ya kuazima. Aliokotwa na watu wa visiwani, ng'ambo ya mpaka. Akashikwa kwa kuvua kwenye maji yasiyo yake, akafungwa, simu yake ikiwa chini ya ziwa pamoja na namba zote. Jana ndiyo alitolewa. Leo amevuka, akamkuta Nanyama.

"Kesho niko nyumbani," alisema. "Mbona unalia hivyo? Niko mzima. Sijapotea."

"Opondo," Apiyo alisema, na hapo ndipo macho yake yalipoangukia lile kaburi mbele ya baraza. Kama Opondo alikuwa sokoni Port Victoria, basi walimkaribisha nani?

Sam waliokuwa wakizunguka balbu ya baraza walitawanyika wote mara moja.

Aliisikia harufu kabla ya kusikia chochote kingine, ile ya matope ya chini chini, na safari hii haikutoka upande wa ziwa bali nyuma yake, kutoka ndani ya nyumba, kutoka chumbani, ambako kitanda kililia kama kinavyolia mtu anapoketi kuvua viatu, na kitu kikaanza kutembea juu ya sakafu kwa nyayo zenye maji, polepole, kikipita mezani, kikipita makochi bila kugonga chochote, kikijua kila kitu kilipo, mpaka kikafika nyuma ya pazia la mlango, na balbu ikazimika.

"Nyar Sondu," sauti ya Opondo ilisema kutoka nyuma ya pazia. "Uko nje kwa baridi unafanya nini? Ingia ndani."

Apiyo hakugeuka. Simu ilikuwa bado sikioni.

"Nyar Sondu," Opondo aliuliza kutoka Port Victoria, "huyo ni nani hapo nyumbani na sauti yangu?"